Fedha na Mwenye Mlango: Kutoka Shanga za Ujiji hadi Msimbo wa QR katika Kasulu na Kibondo

Katika kila jamii iliyofikia hatua ya kupeleka mazao sokoni hutokea chombo cha kupimia thamani ya mazao hayo. Na mara chombo hicho kinapotokea, hutokea pia mtu, au kundi la watu, anayekaa mlangoni mwake akiwatoza wanaoingia na wanaotoka. Chombo hubadilika: jana chumvi, kisha shanga, kisha noti, leo namba ndani ya simu. Mlango hubaki. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia ya uchumi anapokiona chombo kipya anapaswa kuuliza swali lile lile la zamani: mwenye mlango ni nani, anatoza nini, na mzigo wa ushuru huo unamwangukia nani?

Swali hilo lafaa kuulizwa sasa katika Kasulu na Kibondo, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Katika maduka ya mijini, na polepole katika vituo vya biashara vijijini, kumeingia karatasi iliyobandikwa ukutani yenye mchoro wa miraba myeusi na myeupe na, chini yake, namba. Mteja huuelekezea mchoro huo kamera ya simu, au huandika ile namba, na fedha hutoka kwake kwenda kwa mwenye duka bila noti kuguswa. Wapo wanaouona mchoro huo kuwa ndio maendeleo yenyewe. Wapo wanaouona kuwa ni mtego wa kukusanyia kodi. Makala haya yanasema kwamba pande zote mbili zinaitazama karatasi, na hazijaitazama barabara iliyo nyuma yake.

Chumvi, majembe na shanga

Kabla ya ukoloni, Uha ilikuwa nchi ya wakulima na wafugaji iliyogawanyika katika himaya kadhaa, kila moja chini ya mwami wake: Heru katika eneo la Kasulu, Muhambwe katika eneo la Kibondo, Buyungu upande wa kaskazini. Ndani ya himaya hizo uhusiano mkubwa wa kiuchumi ulijengwa juu ya ng'ombe. Mwenye ng'ombe alimpa asiye naye, na aliyepewa alilipa kwa utii na kazi. Huo ulikuwa uhusiano wa kitabaka, na haukuhitaji fedha.

Fedha ilihitajika pale mtu wa Uha alipokutana na mtu wa mbali. Kusini mwa Uha, katika chemchemi za Uvinza, watu wa makabila mengi walikusanyika wakati wa kiangazi kuchemsha maji ya chumvi katika vyungu. Chumvi ile ilisafirishwa mbali, na pamoja na majembe ya chuma ilitumika kupimia thamani ya vitu vingine. Lakini hata hapo palikuwa na mlango. Watawala wa Uvinza walichukua fungu lao kutoka kwa kila mchemshaji. Wajerumani walipofika hawakuuvunja mlango huo, bali waliukabidhi kwa kampuni, na machimbo yakaitwa Saline Gottorp.

Mahali pengine pa kukutana palikuwa Ujiji, bandari ya ziwa ambako mazao na mifugo ya Uha ilikutana na bidhaa za misafara ya pwani. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika hapo mwaka 1874, alieleza jambo ambalo linastahili kukumbukwa na kila anayejifunza habari za malipo. Soko la Ujiji lilikuwa na shanga yake maalumu, iliyoitwa sofi, na bei zote zilipangwa kwa shanga hiyo. Asubuhi soko lilipofunguliwa, walikuwapo watu wenye mifuko iliyojaa sofi ambao waliwabadilishia wanunuzi shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, watu wale wale walizirudisha sofi mikononi mwao kutoka kwa wauzaji. Walipata faida asubuhi, na wakapata faida tena jioni.

Tuuchunguze uhusiano huu. Mbadilishaji wa shanga hakulima, hakuvua samaki wala hakuchemsha chumvi. Alichokuwa nacho ni mlango wa kuingilia sokoni na mlango wa kutokea. Muuzaji wa unga hakuweza kuzipuuza sofi kwa kuwa soko zima liliuza kwa sofi. Wala hakuweza kubaki nazo, kwa kuwa nje ya soko hilo hazikumfaa. Kwa sababu hizo mbili alilipa. Hali hii tutaikuta tena.

Rupia, kodi na manamba

Ukoloni ulileta fedha ya namna nyingine, yaani fedha ambayo mtu alilazimishwa kuitafuta. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1897 iliweka kodi ya nyumba, na kodi hiyo ikawa sababu ya kila kaya kuitafuta rupia. Waingereza waliendeleza utaratibu huo kwa kodi yao na kwa shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shabaha haikuwa mapato ya serikali peke yake. Shabaha kubwa zaidi ilikuwa kumtoa mkulima shambani kwake na kumpeleka kwenye shamba la bepari.

Katika nyanda za juu za Kigoma shabaha hiyo ilitimizwa kwa ukamilifu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini zao la biashara halikupewa nafasi ya maana katika Uha. Miaka ya 1930 watu wengi wa sehemu hizi walihamishwa na kukusanywa katika makazi mapya kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Kilichobaki kuuzwa ni nguvu ya mikono. Chama cha wenye mashamba ya mkonge kilianzisha mwaka 1944 shirika la kuandikisha vibarua, SILABU, na Waha wakawa miongoni mwa manamba waliojulikana sana katika mashamba ya Tanga.

Manamba hakulipwa kwa siku. Alipewa kipande, karatasi yenye nafasi 30, na kila siku aliyomaliza kazi yake nafasi moja iliwekwa alama. Mpaka nafasi zote 30 zijae, karatasi ile haikuwa fedha. Ilikuwa kumbukumbu ya jasho lake iliyoshikwa kwa masharti ya mwingine. Na fedha ilipopatikana, ilikuwa na safari ya kuvuka nchi kutoka Tanga hadi Kasulu, kwa hawala ya posta au mfukoni mwa ndugu anayerudi. Uha ikajifunza kwa uchungu kwamba fedha iliyochumwa mbali si fedha mpaka imefika nyumbani.

Noti ya taifa huru

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwaka 1966, na mwaka huo huo shilingi ya Tanzania ilichukua nafasi ya shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki ya kigeni yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Hatua hizi zilikuwa za msingi. Kwa mara ya kwanza mlango wa fedha uliwekwa chini ya mamlaka ya wananchi wenyewe.

Hata hivyo umilikaji wa mlango ni jambo moja, na umbali wa mlango ni jambo jingine. Mwaka 1972 Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kufanyiwa operesheni ya kuhamishia watu katika vijiji. Kijiji kilipata barabara, shule na duka, lakini hakikupata benki. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilikusudia kuyaweka maduka mikononi mwa vijiji na ushirika, na mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Mamlaka za mazao zilizonunua moja kwa moja kutoka vijijini mara nyingi zilichelewa kulipa. Mkulima alibaki na stakabadhi, karatasi nyingine iliyokuwa kumbukumbu ya jasho na haikununua sabuni. Lazima tuseme wazi kwamba umma ulikuwa mwenye mlango, lakini mlango haukufika kwa mkulima.

Simu na kuta zake

Simu ndiyo iliyofika. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mitandao mingine ikafuata. Kwa mkoa ambao watu wake wengi wamezoea kufanya kazi mbali na nyumbani, huu haukuwa mchezo. Safari ya fedha kutoka Tanga au Dar es Salaam hadi Kibondo, ambayo zamani ilichukua siku nyingi, ikawa ya dakika. Nguvu za uzalishaji zilipiga hatua ya kweli, na anayeikana haijui hali ya vijijini.

Lakini kila kampuni ilijenga ukuta wake. Mwenye laini ya mtandao mmoja alipomtumia fedha mwenye laini ya mtandao mwingine, aliyetumiwa hakuzipokea kwenye simu yake kama salio. Alipokea namba ya siri ya kupeleka kwa wakala, na gharama ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kufungua njia baina yao, na Vodacom ilijiunga mwaka 2016. Hayo yalikuwa makubaliano ya kampuni mbili mbili, na kila kampuni iliendelea kukaa kwenye mlango wake.

Palikuwa pia na swali la ziada inayozaliwa na fedha za wananchi. Fedha zilizo katika simu za mamilioni ya watu huwekwa katika akaunti za amana kwenye mabenki, nazo huzaa faida. Faida hiyo ni ya nani? Mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza kuwagawia wateja na mawakala wake. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, na kanuni za fedha za kielektroniki zikatolewa mwaka huo huo. Benki Kuu ikapewa mamlaka kamili ya kutoa leseni na kusimamia, na fedha za wateja zikatengwa na mali ya kampuni.

Sasa tumrudie yule mbadilishaji wa shanga. Mkulima wa maharage wa Kasulu hulipwa na mfanyabiashara kwa simu. Dukani anakonunua mafuta ya taa na chumvi hawapokei simu. Basi huenda kwa wakala, hutoa zote, na hukatwa ada. Mwenye duka, akitaka kuagiza mzigo Kigoma mjini, huzichukua noti zile zile na kuzirudisha kwa wakala ziingie simuni. Fedha imepita mlango mara mbili, na kila inapotoka mtu hulipa. Kiini cha tatizo ni kwamba soko la kijiji huuza kwa chombo kimoja na soko la mjini huuza kwa kingine. Penye vyombo viwili, anayekaa katikati hula.

Msimbo mmoja

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani. China iliugeuza kuwa njia ya malipo ya umma kuanzia mwaka 2011, na historia yake huko ina funzo. Machi 2014 Benki Kuu ya China iliyasimamisha malipo hayo kwa sababu za usalama. Kisha ikatunga kanuni zilizoanza kutumika Aprili 2018, zikiweka kikomo cha yuan 500 kwa siku kwa mteja anayelipa kwa msimbo uliochapwa kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi hubanduka na mwizi anaweza kubandika yake juu. Funzo ni kwamba chombo kinaweza kuwa rahisi, lakini imani ya umma juu ya chombo hicho hujengwa kwa usimamizi.

Tanzania ilichukua hatua mbili. Ya kwanza ni Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo, TIPS, uliojengwa na Benki Kuu na kuanza kwa majaribio mwaka 2021. Mfumo huu unaziunganisha benki na kampuni za simu katika njia moja badala ya yale makubaliano ya mbili mbili. Ya pili ni kiwango cha taifa cha msimbo, TANQR, cha mwaka 2022. Kabla ya hapo kila mtoa huduma aliweza kuchapa mchoro wake, na duka lingebandika karatasi tatu au nne ukutani, kila moja ikikataa simu za wengine. Kiwango cha taifa kinataka mchoro mmoja usomwe na wote. Kenya ilichukua hatua kama hiyo mwaka 2023.

Hapa ndipo ilipo maana ya kihistoria. Kampuni zinabaki kuwa za watu binafsi na zinaendelea kushindana. Lakini barabara inayopita baina yao ni ya umma, na lugha ya karatasi ukutani ni ya umma. Yaliyofanyika mwaka 1967 kwa kutaifisha benki yamefanyika safari hii kwa njia nyingine, yaani kushika makutano ya njia bila kuyashika maduka yaliyo kandoni.

Na zaidi ya hapo, msimbo unagusa ile dosari tuliyoiona. Mkulima akilipwa kwa simu, akanunua dukani kwa simu, na mwenye duka akaagiza mzigo kwa simu, hakuna aliyetoa. Mzunguko umefungwa, na faida ya asubuhi na ya jioni imekosa mahali pa kukaa. Ndiyo sababu karatasi moja iliyobandikwa katika duka la kijijini Muhambwe ina uzito kuliko mia moja zilizobandikwa katika maduka makubwa ya Dar es Salaam. Mjini hupunguza usumbufu. Kijijini huziba mwanya wa unyonyaji.

Tozo na mafunzo yake

Haifai kudhani kwamba dola ikishika barabara basi mambo yamekwisha. Dola nayo inaweza kukaa mlangoni. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu juu ya kutuma na kutoa fedha, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala. Serikali ilieleza kwamba mapato yatajenga vituo vya afya na madarasa, nayo ni mahitaji ya kweli. Lakini watu wengi walijibu kwa vitendo: walirudi kwenye noti. Septemba 2021 tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 kiwango cha juu kilishushwa hadi shilingi 4,000.

Funzo lake ni kubwa kuliko hesabu zake. Ushuru uliowekwa juu ya mwendo wa fedha humwangukia anayetuma mara nyingi kidogo kidogo, na huyo ni mtu wa hali ya chini. Tajiri hutuma mara moja. Mtoto aliye Tanga humtumia mama yake Kibondo shilingi elfu chache kila wiki. Kutoza mwendo ni kumtoza yule mwenye fedha chache zinazokwenda mara nyingi.

Mwaka 2025 mwelekeo ulikuwa mwingine. Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliweka kiwango cha asilimia 16 badala ya 18 cha kodi ya ongezeko la thamani kwa mnunuzi asiyesajiliwa anayelipa kwa njia ya kielektroniki au benki. Kumvuta mtu kwa nafuu ni bora kuliko kumzuia kwa tozo. Lakini tuulize nafuu hiyo inamfikia nani. Duka la kijiji ambalo mauzo yake hayafikii kiwango cha kusajiliwa halitozi kodi hiyo kaunta, na kwa hiyo halina asilimia mbili za kumrudishia mteja. Nafuu inamkuta mteja wa duka kubwa. Mkulima anasubiri.

Walio nje ya mlango

Yapo makundi matatu ambayo msimbo haujayafikia, na nadharia isiyowatazama ni nadharia pungufu.

La kwanza ni wenye simu za kitochi. Simu hiyo haina kamera ya kusomea mchoro. Kinachowaokoa ni ile namba iliyochapwa chini yake, kwa kuwa namba huandikwa kwenye simu yoyote bila intaneti. Mwenye duka anayeificha namba na kuonyesha mchoro peke yake amewafungia mlango wateja wake maskini.

La pili ni wasio na kitambulisho. Laini za simu zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na mwisho uliowekwa ukasogezwa kutoka Desemba 2019 hadi Januari 2020. Katika wilaya za mpakani uhakiki wa uraia huchukua muda zaidi. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu mno, ukoo mmoja unaweza kuwa na matawi pande zote mbili, na Mtanzania halali hujikuta akitakiwa kuthibitisha alikozaliwa babu yake. Usalama wa mpaka ni jambo la haki. Lakini asiye na kitambulisho hana laini, na asiye na laini hana fedha hii. Ucheleweshaji wa ofisi umekuwa ufukara wa mtu.

La tatu ni watu wa kambi na wa mpaka. Nyarugusu iliyoko Kasulu, tangu mwaka 1996, na Nduta iliyoko Kibondo, iliyofunguliwa upya mwaka 2015, zimekuwa na idadi ya watu inayolingana na miji. Mwishoni mwa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutoa fedha badala ya chakula kwa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu, na mwaka 2017 Serikali ikausimamisha mpango huo. Tusihukumu hapa sababu za kila upande. Tuone jambo moja tu: fedha iliyoingia kambini ilitoka na kununua mihogo na mahindi ya wakulima wa jirani, na iliposimama, ilisimama kwa pande zote mbili. Vivyo hivyo katika masoko ya mpakani kama Mabamba. Mnunuzi kutoka Burundi huja na faranga mkononi, na msimbo wa taifa haumsomi. Hapo yule mbadilishaji wa Ujiji bado yupo, na mfuko wake umejaa.

Hitimisho

Katika historia hii ndefu mkulima wa nyanda za juu za Kigoma ameshika karatasi nyingi: kipande cha manamba, stakabadhi ya mazao, na sasa mchoro wa miraba. Mbili za kwanza zilikuwa ahadi zilizotegemea hiari ya mwingine. Ya tatu inaweza kuwa tofauti, kwa sababu barabara iliyo nyuma yake ni ya umma na kiwango chake ni cha taifa. Lakini neno ni "inaweza". Itakuwa tofauti kwa masharti yanayopimika: ada ya kupokea malipo isimkandamize mwenye duka dogo, namba iendelee kuchapwa chini ya kila mchoro, vyama vya ushirika vimlipe mkulima kwa njia ambayo duka la kijijini kwake linaipokea, kitambulisho kimfikie kila anayestahili, na dola isitamani tena kuutoza mwendo wa fedha ya mnyonge.

Basi kiongozi anayetaka kujua kama msimbo umefika Kasulu na Kibondo asihesabu karatasi zilizobandikwa. Aende kwa wakala siku ya soko, ahesabu foleni ya wanaotoa. Siku foleni hiyo itakapokuwa fupi huku soko limejaa, tutajua kwamba mlango umekuwa wa wananchi.